Mbunge asiyeleta maji jimboni ana faida gani?

#1 Mpiga Debe
Wakuu, habari za jioni.

Kwenye grupu la kijiji chetu watu wametoana jasho tangu jana. Mbunge wetu kila akisimama Dodoma ni vifungu tu: kifungu kidogo cha pili, aya ya (b), jedwali la marekebisho. Mbunge wa jimbo la jirani hachangii chochote, akipewa nafasi ni kushukuru dakika nne na kuunga mkono hoja asilimia mia. Lakini kachimba visima, kaleta gari la wagonjwa, jezi kila kata, na msiba hauishi bila rambirambi yake kufika. Sisi tuna vifungu, wenzetu wana maji.

Msimamo wangu ni huu. Shida za nchi hii ni maji, barabara, dawa na ajira. Mbunge asiyegusa hizo ni karani wa bei ghali. Anayesema kazi ya mbunge ni kutunga sheria aje aniambie ni sheria gani imewahi kutoa maji kwenye bomba.

Nawasilisha.

#2 Siti ya Dirishani
Nimeshakaa. Karanga ninazo, chumvi nimeweka.

#3 Kalamu ya Mkaa
Mleta mada, umeuliza sheria gani imetoa maji, chukua hii. Kila lita ya petroli au dizeli unayonunua, shilingi 50 inakwenda Mfuko wa Taifa wa Maji. Hiyo hela haikutoka kwa hisani ya mtu, ipo kisheria. RUWASA, wakala wa maji vijijini, unayoiona wilayani kwako na pikapu zake imeundwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Umeme wa REA uliofika kwa bibi yako una Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 nyuma yake. Barabara za vijijini hivyo hivyo: miaka na miaka wabunge walipiga kelele kwamba TANROADS ya barabara kuu inachukua asilimia 70 ya Mfuko wa Barabara na TARURA ya vijijini na mijini inaachiwa 30, mpaka mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA.

Sasa linganisha visima vya jirani yako na shilingi 50 ya kila lita nchi nzima. Ni kwamba kisima kina picha na shilingi 50 haina picha, basi.

#4 Mpiga Debe
Kalamu, hiyo shilingi 50 kwetu haijafika. Mafuta tunanunua, maji hatuna. Endelea.

#5 Mama Alizeti
Mimi niko upande wa Kalamu, na nina kisa.

Zamani mikopo ya halmashauri kwa akina mama ilikuwa ukipewa umepewa, usipopewa hakuna pa kulalamika. Mkurugenzi akiamka vizuri anatenga, akiamka vibaya hela inakwenda kwenye mafuta ya magari. Mwaka 2018 ikaingizwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani lazima itengwe: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na riba hakuna. Kikundi chetu tulikwenda ofisi ya maendeleo ya jamii tukiwa na nakala ya kifungu. Yule afisa alitazama karatasi, akatutazama sisi, akasema "haya akina mama, leteni katiba ya kikundi na muhtasari". Tulipata, tukanunua mashine ya kukamua alizeti, deni tulimaliza.

Hatukupewa na mbunge yeyote. Wala hatukumpigia magoti mtu.

#6 Mhasibu wa Zamu
Mama Alizeti malizia hadithi. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha hiyo mikopo nchi nzima, baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kuonyesha mabilioni hayarejeshwi na vikundi vingine havijulikani vilipo. Ikaja kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Nimekaa halmashauri, nimeviona vikundi hewa kwa macho: wanachama watano, namba za simu tatu, zote za mtu mmoja.

Kwa hiyo sheria ilikuwepo, pesa zilitoka, zikaliwa. Kazi ya pili ya Bunge, ya kusimamia, ilikuwa wapi miaka yote mitano? LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, wanatuita, tunakwenda Dodoma na makabrasha, tunahojiwa saa mbili, tunaambiwa tukajipange, tunarudi. Mwaka unaofuata hoja ni zile zile na majibu yale yale, tarehe tu ndiyo imebadilika.

#7 Mama Alizeti
Mhasibu wewe ndiye uliyetucheleweshea hundi. Nimekujua kwa maandishi.

#8 Ngosha wa Stendi
Hahaha! #7 kesi ihamie TAKUKURU.

Mimi siandiki marefu. Mbunge anaomba kura kwa maji, Serikali inaleta maji, mbunge anapiga picha na bomba. Maji yasipokuja anasema Serikali haijaleta fedha. Biashara isiyo na hasara.

#9 Kijiji cha Pili
Tatizo ni Katiba wakuu, tusiwaonee.

Ibara ya 63 inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Tamu sana. Halafu nenda Ibara ya 99: mbunge hawezi kuleta bungeni jambo la kutoza kodi au kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu mpaka Rais awe amependekeza kupitia kwa Waziri. Maana yake mbunge wako akiandika muswada binafsi wa kujenga mabwawa kila wilaya, unakufa mlangoni. Halafu Ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti, Rais ana uwezo wa kulivunja. Ndiyo maana kura ya bajeti huitwa mtu mmoja mmoja kwa jina, ajulikane nani kasema ndiyo na nani kasema hapana. Nani asimame aseme hapana wakati mkopo wa gari bado haujaisha?

Kamati za Bunge zimeomba mara kadhaa hiyo 50 ya maji ipande ifike 100. Serikali ilikataa. Ushauri umetolewa, haukuchukuliwa, na kikao kikaahirishwa hadi kesho saa tatu asubuhi.

#10 Kalamu ya Mkaa
Kijiji cha Pili, Ibara ya 99 haimzuii mbunge kupunguza. Hawezi kuongeza matumizi, lakini kupunguza anaweza, na pale ndipo penye kushika shilingi.

Kwa wasiojua: bajeti ya wizara ikifika kwenye Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika anasema anakusudia kutoa shilingi kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Wenzake wanasimama kumuunga mkono, waziri anajibu, mwenye hoja anarudisha shilingi au anaing'ang'ania mpaka kura. Shilingi moja, lakini nimeona mawaziri wakitoka jasho mbele ya kiyoyozi.

#11 Ngosha wa Stendi
Wanarudisha zote. Hujawahi kuona shilingi iliyolala nje.

#12 Mhasibu wa Zamu
Ngosha kasema kweli. Na muda ukiisha, vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo. "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ndiyooo. "Nafikiri waliosema ndiyo wameshinda." Mabilioni ya wizara yamepita kabla hujamaliza kufunua ukurasa.

#13 Babu Kikokotoo
Habarini wanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, jina nimejipa kwa uchungu.

Nawasoma mnagombania sheria na visima. Jambo lililonigusa mimi maishani halikuwa kisima, na sheria yenyewe ilipopita sikuiona hatari. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF. Wabunge walishangilia, mifuko imeunganishwa, gharama zitapungua. Kwenye sheria ile, hesabu ya mkupuo wa mstaafu, ndicho kikokotoo chenyewe, iliachwa ije kwenye kanuni, na kanuni anatunga waziri. Zilipokuja tukakuta mkupuo ni asilimia 25, wakati sisi wa PSPF tuliingia kazini tukijua 50. Kelele zikawa kubwa, Desemba 2018 Rais Magufuli akasimamisha. Julai 2022 ikaja hesabu mpya, 33. Nimestaafu ndani ya 33. Juni 2024 kwenye hotuba ya bajeti ikatangazwa 40 kwa waliokuwa kwenye 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25.

Hesabuni wenyewe nani alibadilisha nini. Sheria ilipita kwa Bunge, maumivu yakaja kwa kanuni, nafuu ya kwanza ikatoka kwa Rais, ya mwisho ikatoka kwa waziri. Nilipojenga msingi wa nyumba nilihesabu 50. Nyumba iko kwenye lenta.

#14 Fatma wa Mkele
Shikamoo mwalimu. Pole sana.

#15 Babu Kikokotoo
Marahaba mwanangu. Nimeshapoa.

#16 Kijiji cha Pili
Pole mzee. Tozo za miamala ni hadithi hiyo hiyo. Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha ya 2021, ikasema tozo itakuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Viwango vyenyewe vikaja kwenye kanuni, vikaanza Julai 15. Watu walipolia, Septemba vikapunguzwa kwa asilimia 30, kwa kanuni tena. Wabunge waliopitisha Juni walikuwa majimboni Agosti wakisema na wao wanalia pamoja na wananchi.

#17 Mama Alizeti
Nakumbuka ule mwezi wateja wote walirudi kwenye pesa mkononi. Mtu anatoka Singida na laki sita kwenye soksi.

#18 Wakili wa Kujitegemea Kweli
Naongeza jambo dogo kwa #13 na #16. Kanuni na sheria ndogo hazipo nje ya Bunge kabisa. Huwasilishwa mezani bungeni, na ipo Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo ambayo kazi yake ni kuzipitia na kusema hapa waziri kavuka mipaka, hapa kaandika kinyume na sheria mama. Kila mwaka wanatoa taarifa yenye dosari nyingi tu.

Nani anaisoma? Ni kamati isiyo na safari za kukagua madaraja, haina televisheni, ni watu wamekaa na makaratasi ukumbini. Mbunge akirudi jimboni aseme "ndugu zangu, nimefanikisha marekebisho ya kanuni ya 14", atazomewa na mleta mada huyu huyu.

#19 Mpiga Debe
Nitamzomea, ndiyo. Kanuni ya 14 inapikwa na nini?

#20 Mzalendo Asilia
Mnasahau Bunge la moto. Enzi za Richmond, ile zabuni ya umeme wa dharura, PAC ya Zitto, kamati ya hesabu za Serikali, ilimng'oa Waziri Mkuu. Bunge likiamua linaweza.

#21 Kalamu ya Mkaa
Mzalendo umechanganya mafaili. Richmond ilikuwa Kamati Teule, mwenyekiti Dk. Harrison Mwakyembe, Spika Samuel Sitta. Ripoti ilisomwa Februari 2008, Lowassa akajiuzulu tarehe 7, na Karamagi na Msabaha wakaondoka naye. PAC ya Zitto ni Escrow ya Tegeta, kashfa ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya umeme, Novemba 2014. Hapo aliondoka Mwanasheria Mkuu Werema, Profesa Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Profesa Muhongo akajiuzulu.

#22 Mzalendo Asilia
Sawa Hansard inayotembea. Hoja yangu haijabadilika lakini.

#23 Ngosha wa Stendi
Hoja yako inabadilika sasa hivi. Waziri Mkuu aliondoka 2008, umeme ulirudi? 2011 tulikuwa na mgao wa kufa mtu. Nilikuwa na saluni ya kiume, jenereta lilikula faida yote, nikahamia stendi. Vichwa vimeondoka, shida ikabaki pale pale. Bunge lenu la moto lilikuwa linachoma watu, nguzo za umeme hazikuguswa.

#24 Wakili wa Kujitegemea Kweli
#23 ni swali zito kuliko lilivyoandikwa. Kuwajibisha ni kitu kimoja, kurekebisha sera ni kingine. Kamati Teule inachunguza zabuni, haijengi bwawa. Ila zabuni mbovu ikipita bila mtu kuguswa, ya pili inakuja mbovu zaidi.

#25 Ngosha wa Stendi
Na Escrow ilikuja baada ya Richmond, mkuu. Ya pili imekuja na watu walikuwa wameguswa.

#26 Siti ya Dirishani
Ngosha leo kaamka na wembe wa saluni.

#27 Fatma wa Mkele
Mnaongea kama kila mbunge anaweza kuuliza maji. Kwetu Zanzibar maji si jambo la Muungano. Mbunge wangu akisimama Dodoma kuuliza bomba la Mkele ataambiwa hilo ni la Serikali ya Mapinduzi, apelekewe Mwakilishi kwenye Baraza. Wapo na watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi wanaingia Bunge la Muungano. Kwa hiyo mimi nina Mwakilishi wa maji na Mbunge wa mambo ya Muungano, na kampeni wote wawili wananiahidi maji.

#28 Mpiga Debe
Fatma wewe una bahati, una wawili wa kulaumu.

#29 Mto Athi
Hamjambo majirani. Huku Kenya tulifanya kile mleta mada anachotaka, mkaone matokeo.

Tangu 2003 tuna CDF, mbunge anasimamia hela za eneo bunge lake. Shule zimejengwa, basari zinatolewa, sikatai, hata mimi kidato cha tatu na cha nne nilisomeshwa na basari. Foleni ya fomu ilianza saa kumi alfajiri, na mama yangu alimjua mtu wa ofisini. Wale ambao mama zao hawakumjua mtu walirudi nyumbani. Tangu katiba ya 2010 maji na zahanati ni kazi ya kaunti, lakini mwananchi bado anamuuliza mbunge kwa sababu mbunge ndiye ana mfuko.

Mahakama ya Juu mwaka 2022 ikasema sheria ya CDF ya 2013 inakiuka katiba, mtunga sheria hawezi kuwa mtekelezaji huyo huyo. Wakati huo tayari walikuwa wameshatunga nyingine ya 2015. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema na hiyo haifai, ikome Juni 2026. Julai 2025 Bunge la Taifa likapitisha muswada wa kuuingiza mfuko huo ndani ya katiba. Wabunge wetu hawakosi bidii wakiamua.

#30 Mhasibu wa Zamu
Mto Athi, karibu. Na sisi tunao, mnajifanya hamuujui. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ni ya 2009, na mwenyekiti wa kamati yake jimboni ni mbunge mwenyewe. Ni mdogo kuliko wa Kenya kwa mbali, unamalizia boma la darasa hapa, mabati pale. Hasara yake naijua vizuri: mbunge huyo huyo ni mjumbe wa baraza la madiwani. Anakaa na sisi tunapanga bajeti ya halmashauri, anakwenda Dodoma kuipitisha, anarudi kuitumia sehemu yake, halafu LAAC, ambayo nayo ni wabunge, inakuja kukagua. Nilishaandika barua ya majibu ya hoja kuhusu mabati ambayo aliyeagiza anunuliwe kwa duka fulani alikuwa amekaa meza kuu siku ya ukaguzi. Nikaandika "uongozi umepokea ushauri".

#31 Mama Alizeti
Ndiyo maana hundi ilichelewa.

#32 Mhasibu wa Zamu
Mama wewe hutaniacha.

#33 Mzee wa Kanda Maalum
Nyote mmekwepa. Tatizo ni chama. Mbunge akifukuzwa uanachama amepoteza ubunge, Katiba inasema hivyo, na mgombea binafsi hakuna. Sasa unamtaka ashike shilingi ya waziri wa chama chake, jina lake likatwe kwenye kura za maoni za chama? Spika Ndugai mwenyewe, kiongozi wa mhimili, alisema maneno kuhusu mikopo ya nchi Desemba 2021, Januari 6 2022 akaandika barua ya kujiuzulu. Kama Spika hakumaliza wiki mbili, wa viti vya nyuma atamaliza siku ngapi?

#34 Kijiji cha Pili
Mzee, wapinzani walipokuwa wengi walifanya nini? Mnyika akiwa mbunge wa Ubungo alipeleka hoja binafsi ya maji ya Dar es Salaam, Februari 2013. Ikaondolewa, kikao kikavurugika, maji hayakutoka.

#35 Kalamu ya Mkaa
Maji yalitoka baadaye. Ruvu Chini ilipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku kwenda 270, Ruvu Juu kutoka milioni 82 kwenda 196. Ile hoja ilifanya maji ya Dar yawe jambo la kuulizwa kila kikao.

#36 Mhasibu wa Zamu
Kalamu usimpe mtu sifa isiyo yake. Ruvu Chini ni fedha za Wamarekani kupitia MCC, Ruvu Juu ni mkopo wa India. Miradi ile ilikuwa kwenye makabati ya wizara kabla ya hoja ya Mnyika. Ingekuja tu.

#37 Kalamu ya Mkaa
Miradi mingapi iko kwenye makabati hayo hayo na haijaja?

#38 Ngosha wa Stendi
Hapa ndipo wasomi wanaponichosha. Maji yakija, kila mtu ana risiti. Yasipokuja, hakuna hata aliyekuwa zamu.

#39 Wakili wa Kujitegemea Kweli
Turudi kwenye sheria zisizohitaji hata senti. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, msichana wa miaka 15 anaolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo, akashinda Mahakama Kuu 2016. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka ule uliisha bila marekebisho.

Hapa hakuna Ibara ya 99, hakuna uhaba wa fedha, hakuna bomba. Mbunge yeyote angeweza kuleta muswada binafsi. Na ule wa rasilimali za asili wa 2017 ulipita kwa hati ya dharura ndani ya siku chache, kwa hiyo kasi ipo ikitakiwa. Anayesema Katiba ndiyo inawafunga anijibu hili.

#40 Mzee wa Kanda Maalum
Jibu rahisi. Jimboni kwangu muswada huo unapoteza kura. Wapiga kura ni wazee wenye mabinti, na viongozi wa dini nao wamegawanyika. Mbunge anahesabu.

#41 Mama Alizeti
Na wasichana wenyewe wa miaka 15 hawapigi kura. Hesabu imekaa sawa.

#42 Mzalendo Asilia
Mimi nasema dawa ni matangazo ya moja kwa moja kama ya zamani. TBC walipokata Januari 2016 wabunge walilala. Kamera ikiwaka mtu anasoma muswada.

#43 Siti ya Dirishani
Kamera ilikuwepo na walilala, mkuu. Picha ninazo kwenye simu, mpaka mmoja mdomo wazi.

#44 Ngosha wa Stendi
Weka!

#45 Siti ya Dirishani
Niliahidi mke wangu sitafungiwa akaunti mara ya pili.

#46 Kijiji cha Pili
Mzalendo kamera pia inaleta maigizo. Mwaka 2016 Bunge lilibana matumizi, likampelekea Rais hundi ya bilioni 6 za madawati. Picha nzuri, makofi. Zile bilioni zilitengwa ili Bunge lifanye kazi ya Bunge: kamati zikague, watafiti waajiriwe, wabunge wapate wa kuwasomea muswada wa kurasa 200. Tukashangilia madawati. Mbunge wa kawaida hana mtafiti hata mmoja. Ana katibu wa kupokea simu za ada na misiba.

#47 Babu Kikokotoo
Hapo nakubaliana na Kijiji. Mbunge wetu wa wakati ule nilimuuliza kuhusu kikokotoo mwaka 2018, ana kwa ana, kwenye mahafali. Aliniambia "mwalimu, ile sheria ilikuja na makabrasha mengi sana". Alikuwa mtu mkweli. Nilimfundisha darasa la sita.

#48 Ngosha wa Stendi
Kwa hiyo kosa linarudi kwako, mwalimu.

#49 Babu Kikokotoo
Hesabu alikuwa mzuri. Kusoma ndiko kulikuwa na tabu.

#50 Fatma wa Mkele
😂😂 Mwalimu!

#51 Mpiga Debe
Mmeandika sana, nimesoma zote. Bado mnanizunguka. Bima ya Afya kwa Wote ilirushwa kikao hadi kikao, ikapita Novemba 2023. Mama yangu yuko kijijini, sheria ipo, duka la dawa linataka hela taslimu. Jirani ana gari la wagonjwa la mbunge wake, mzazi anachukuliwa usiku anafikishwa hospitali. Mniambie nimchague nani uchaguzi ujao, mwenye sheria au mwenye gari?

#52 Mhasibu wa Zamu
Uliza nani analipa mafuta ya hilo gari. Siku akishindwa uchaguzi, gari litaletwa kwetu halmashauri bila bajeti ya dereva wala matairi. Tunayo matatu ya namna hiyo nyuma ya ofisi, moja kuku wametagia ndani.

#53 Mzee wa Kanda Maalum
Na wapiga kura ndio walioanza. Mwaka 2000 wabunge waliingiza takrima kwenye sheria ya uchaguzi, "ukarimu wa jadi". Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Imeondoka kwenye kitabu, mtaani bado ipo. Mbunge akija mikono mitupu mnasema ana roho mbaya.

#54 Mpiga Debe
Mzee, mtu mwenye njaa usimwambie ana tabia mbaya.

#55 Mto Athi
Mwezi Juni 2024 wabunge wetu walipitisha Muswada wa Fedha tarehe 25, vijana wakaingia bungeni siku hiyo hiyo, na watu walikufa. Kesho yake Rais akakataa kutia saini. Kabla ya hapo kamati ya fedha ilizunguka kukusanya maoni ya umma, watu waliandika, maoni mengi yakawekwa kando. Kwa hiyo huku tunabishana hivi: aliyerekebisha ile sera ni nani, mbunge, Rais au aliyekuwa barabarani?

#56 Wakili wa Kujitegemea Kweli
Na huku kamati huita wadau Ukumbi wa Msekwa, pale bungeni Dodoma. Tangazo linatoka siku chache kabla, mwenye hoja yuko Newala au Kyerwa. Wanaofika ni wenye ofisi Dodoma na Dar.

#57 Babu Kikokotoo
Wakili, maoni yanapokelewa kwa maandishi? Mimi nina muda na nina kalamu.

#58 Wakili wa Kujitegemea Kweli
Yanapokelewa mwalimu, kwa Katibu wa Bunge. Andika jina la muswada na namba ya kifungu unachokipinga, na uweke maneno unayotaka yaingie badala yake. Barua ya malalamiko tu haina pa kuwekwa.

#59 Ngosha wa Stendi
Tumefika huku: mstaafu anaandika muswada, mbunge yuko kwenye jezi.

#60 Mpiga Debe
Jezi ni muhimu, Ngosha. Jumapili tunacheza na hao jirani.